Alama ya GMAT imekuangusha? Tafuta ugonjwa kabla ya kurisiti

Mtu akipata alama mbaya ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara kama za MBA, jambo la kwanza ni kununua kitabu kingine. La pili ni kuongeza saa za kusoma. Anatoka saa mbili kwa siku anakwenda nne, anaanza upya ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na baada ya miezi mitatu anarudi kufanya mtihani uleule na alama inapanda kwa 10 au 20 tu. Nimeona hivyo kwa watu wengi ninaowasaidia kujiandaa, na mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo niliporisiti mara ya kwanza. Linaniuma kila nikiliona, kwa sababu ada ya mtihani huu inalipwa kwa dola na mishahara yetu ni ya shilingi, na zile saa nne zimekatwa kwenye usingizi na kwenye familia.

Alama ni homa. Homa inakuambia unaumwa, haikuambii kama ni malaria au ni jino. Hapa chini nimepanga dalili ninazokutana nazo mara nyingi, pamoja na kilicho nyuma ya kila moja. Nenda kwenye yako, lakini usiruke kipande hiki cha kwanza.

Kabla ya dalili yoyote: ripoti na daftari

GMAT ya sasa, iliyoanza Novemba 2023, ina sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na ile inayoitwa Data Insights yenye maswali 20, ambayo nitaiita sehemu ya takwimu. Kila sehemu inapewa alama kati ya 60 na 90, na zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla inayoanzia 205 hadi 805. Ukipiga hesabu, nukta moja ya sehemu yoyote ina thamani ya kama alama 6 au 7 kwenye jumla.

Fikiria mtu mwenye 84 ya hesabu, 80 ya lugha na 72 ya takwimu. Akijiona ni "mtu wa hesabu" ataendelea kusolvu maswali ya hesabu, kwa kuwa ndiyo yanayompa raha. Lakini nukta tano kwenye takwimu ni zaidi ya alama 30 za jumla, na kutoka 72 kwenda 77 ni safari fupi kuliko kutoka 84 kwenda 89. Ingia kwenye akaunti yako ya mba.com, tovuti rasmi ya mtihani, tazama ripoti: inaonyesha ulivyofanya kwa aina za maswali na ulivyotumia muda. Andika sehemu iliyo chini kuliko zote juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Daftari hilo ndilo tiba yenyewe, na wengi hulidharau. Kila swali unalokosa kwenye mazoezi, na kila swali unalopata kwa kubahatisha, liandike: lilihusu nini, lilikuchukua muda gani, na kwa nini ulikosa. Sababu ziwe nne tu. Sikuijua mada. Niliijua ila sikuona njia. Nilisoma vibaya au nilikokotoa vibaya. Nilikimbizwa na muda. Neno "uzembe" lisiandikwe humo. Ukiandika uzembe umefunga faili, na kesho utakosea palepale. Andika ulichokifanya hasa: "niliacha alama ya hasi nilipohamisha x", "sikusoma neno 'isipokuwa'". Ukifikisha makosa 60, hesabu kila sababu imetokea mara ngapi. Karibu kila mtu hushangazwa na matokeo.

Dalili: nyumbani nilikuwa napata juu, kwenye mtihani nimeanguka

Uliza kwanza hiyo alama ya nyumbani ilipatikanaje. Je, ulisimamisha saa ili upokee simu? Ulifanya sehemu moja usiku na mbili kesho yake? Ulirudia mtihani wa majaribio uliokwisha kuufanya, ukakutana na maswali unayoyakumbuka? Ilikuwa mitihani ya kampuni nyingine, yenye namna yake ya kusahihisha? Jibu moja tu la ndiyo linatosha kuifanya alama ile isiwe kipimo.

Watunzi wa GMAT wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure kwenye mba.com, na mingine inauzwa. Hiyo ndiyo inayokaribiana na mtihani wenyewe, kwa hiyo itunze kama mbegu. Usiifanye kwa kujifurahisha wiki ya kwanza. Ifanye kwa saa ileile utakayofanya mtihani, sehemu tatu mfululizo, na pumziko moja la dakika 10 kama utakavyopewa siku yenyewe. Ukiwa umezoea kusoma saa tano usiku na mtihani ni saa tatu asubuhi, akili yako haijawahi kufanya kazi hiyo saa hiyo.

Kama masharti yote yalikuwa sawa na bado ulianguka, basi tazama muda.

Dalili: maswali ya mwisho niliyabahatisha

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na karibu kila anayeileta anasema, "Mimi ni mwepesi wa kusahau fomula, nikizijua nitakuwa na kasi." Si kweli. Kijana mmoja kutoka Mwanza alinipa karatasi ya muda wake wa sehemu ya hesabu. Swali la 4 lilikuwa limekula dakika 5 na sekunde 10. La 9 dakika 4 na nusu. La 11 dakika 4 kamili. Hayo matatu yalimaliza karibu dakika 14, na mawili kati yake aliyakosa hata hivyo. Maswali manne ya mwisho aliyajibu yote kwa dakika mbili na nusu, na yote akakosa. Tulipoyarudia hayo manne bila saa, matatu aliyapata bila msaada wangu. Kijana huyu kasi anayo. Ugonjwa wake ulianza swali la 4, ukaonekana swali la 18.

Asili yake naielewa, kwa sababu ni malezi ya mitihani yetu. Kwenye pepa la Form Four uliruhusiwa kuanza na unayoyaweza, ukaruka gumu, ukalirudia mwishoni. Na tulifundishwa kwamba ukishaanza swali ulimalize. Hapa huwezi kuruka: lazima ujibu ndipo linalofuata lije, na linalofuata kompyuta inalichagua kwa kutazama ulivyojibu yaliyotangulia. Ukifanya vizuri, inakuletea magumu zaidi. Kwa hiyo kukutana na swali usiloliweza si dalili ya kushindwa, ni jinsi mashine inavyotafuta kiwango chako. Kila anayefanya mtihani huu, hata wa 705, hukutana nalo.

Tiba ni mambo mawili. Kwanza, uwe na vituo vya njiani. Kwenye hesabu, ukimaliza swali la 7 zibaki dakika 30, la 14 zibaki 15. Kwenye lugha, baada ya swali la 8 zibaki kama 29, baada ya la 16 zibaki 14. Kwenye takwimu, baada ya la 5 zibaki 34, la 10 zibaki 22, la 15 zibaki 11. Usitazame saa kila swali, itakutia wasiwasi. Itazame kwenye vituo tu.

Pili, jifunze kuachia. Dakika ya pili ikipita na huna njia, chagua jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa. Mtihani wa sasa unakuruhusu kubadilisha majibu hadi matatu kwa kila sehemu ukimaliza kabla ya muda. Na usimalize sehemu ukiwa na maswali ambayo hayajajibiwa, maana hayo yanashusha alama zaidi ya jibu lililokosewa. Kuachia kunahitaji mazoezi kama kitu kingine chochote. Ninachowapa watu ni hiki: maswali 10, dakika 20, na ni lazima uachie mawili, uyapende usiyapende. Mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki tatu mkono unakuwa mwepesi.

Dalili: hesabu naijua, lakini nakosa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wenye digrii za uhandisi na uhasibu wanapoumia. Wanaona matokeo, wanaamini wanahitaji hesabu ngumu zaidi, wanakwenda kutafuta mada ambazo mtihani huu hauulizi. Hesabu ya GMAT ni ya shule: aljebra, asilimia, uwiano, sifa za namba, mwendo na kazi. Jiometri imeondolewa kabisa. Kinachopimwa ni kusoma.

Tazama swali hili dogo. Ghala lina magunia ya mchele na ya maharage kwa uwiano wa 3 kwa 5, jumla magunia 64. Magunia ya maharage yanazidi ya mchele kwa mangapi? Majibu: 8, 16, 24, 32, 40. Dada mmoja mhasibu alilifanya mbele yangu kwa sekunde 25. Sehemu nane, kila sehemu magunia 8, maharage 40. Akabonyeza 40. Hesabu yake ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho, ila alijibu swali ambalo halikuulizwa. Jibu ni 16. Na angalia: 24 na 40 zote zimo kwenye majibu, zimewekwa pale zikimsubiri mtu anayesimama kituo kimoja kabla ya mwisho. Alipolipitia daftari lake, makosa ya namna hii yalikuwa 19 kati ya 60. Hakusoma mada mpya hata moja. Alianza kuandika kinachotafutwa kwenye kona ya karatasi kabla ya kukokotoa, na kukilinganisha na jibu kabla ya kubonyeza.

Ndugu yake kosa hilo ni kujaza kitu ambacho swali halijasema. Yale maswali yanayoitwa Data Sufficiency, ambayo sasa yapo kwenye sehemu ya takwimu, yanaishi kwa hilo. Huulizwi jibu, unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Jaribu hili: je, n ni namba shufwa? Taarifa ya kwanza: 3n ni shufwa. Taarifa ya pili: n kwa kipeo cha pili ni shufwa.

Wengi wanasema kila taarifa inatosha peke yake. Lakini nani amesema n ni namba kamili? Kama n ni theluthi mbili, 3n ni 2, shufwa, na n si shufwa. Taarifa ya kwanza haitoshi. Kama n ni kipeuo cha pili cha 2, kipeo chake cha pili ni 2, shufwa, na n si shufwa. Ya pili haitoshi. Sasa ziweke pamoja. Ya kwanza inailazimisha n iandikike kama sehemu. Na sehemu ambayo kipeo chake cha pili ni namba kamili, yenyewe lazima iwe namba kamili. Namba kamili yenye kipeo cha pili shufwa ni shufwa. Zote mbili pamoja zinatosha. Swali lingesema tu "n ni namba kamili", kila taarifa ingetosha peke yake. Maneno hayo machache yamebadilisha jibu. Kabla ya kujaribu chochote kwenye maswali haya, jiulize: inaweza kuwa sehemu? Inaweza kuwa hasi? Inaweza kuwa sifuri?

Jambo jingine la hesabu, kwa ufupi: kikokotoo hakipo kwenye sehemu hii. Miaka ya Excel kazini imewatoa wengi kwenye kuzidisha kwa mkono. Rudia vipeo vya pili hadi 15, sehemu na asilimia zake, na kugawanya kwa kukata. Dakika 10 kila asubuhi, mwezi mmoja, basi.

Dalili: kwenye lugha nabaki na majibu mawili, nachagua lisilo

Anayesema hivi huamini Kiingereza chake ni kibovu. Mara nyingi si hicho. Mtihani wa sasa hauna tena maswali ya sarufi. Umebaki ufahamu na maswali ya hoja. Tatizo ni kwamba hujabainisha hoja inasimama juu ya nini kabla ya kutazama majibu.

Mfano, niuandike kwa Kiswahili. Halmashauri iliweka taa za barabarani kuzunguka soko. Katika miezi sita iliyofuata, wizi ulioripotiwa sokoni ulipungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo taa zimepunguza wizi. Lipi linadhoofisha zaidi hoja hii? Moja: taa ziligharimu kuliko bajeti. Mbili: katika mitaa isiyowekewa taa, wizi haukupungua. Tatu: mwezi taa zilipowekwa, kituo cha polisi cha sokoni kilihamishiwa mbali.

La kwanza linatoka mapema. Watu hubaki na la pili na la tatu, na wengi huchukua la pili kwa sababu lina harufu ya ubaya: "haukupungua". Lakini hilo linaimarisha hoja, maana palipokosa taa hapakubadilika. La tatu linaonekana halihusiani, mpaka urudi kwenye neno "ulioripotiwa". Kituo kikiwa mbali, watu hawaendi kuripoti, na takwimu inashuka hata kama wizi uko palepale. Hitimisho lilihusu wizi, ushahidi ulihusu ripoti. Pengo kati ya hivyo viwili ndilo jibu. Jizoeze kusema pengo hilo kwa maneno yako kabla ya kusoma jibu la kwanza, na ule mvutano wa majibu mawili utapungua sana.

Kwa ufahamu, ugonjwa wa wengi wetu ni kutafsiri kichwani sentensi kwa sentensi. Inachosha na inakula dakika. Soma aya nzima kwa Kiingereza bila kusimama, kisha jiulize kwa Kiswahili: huyu anataka nini? Jibu kwa maneno matano au sita. "Anapinga maelezo ya zamani." "Anatoa mfano, hajaamua." Kiswahili mwishoni mwa aya kinasaidia, katikati ya sentensi kinakwamisha. Nimewashauri watu hivi kwa miaka na sijaona aliyejuta.

Dalili: sehemu ya takwimu imeshusha kila kitu

Mara nyingi hukuiandaa, kwa sababu vitabu vya zamani ulivyoazima viliandikwa kabla haijapewa uzito huu. Kikokotoo kipo kwenye skrini, na ndicho mtego: watu wanakokotoa kila namba wakati makadirio yangetosha. Maswali mengi yana vipande viwili au vitatu, na ukikosa kimoja hupati kitu kwa vingine. Kwa hiyo kama kipande kimoja hukiwezi kabisa, usitumie dakika mbili kukamilisha vingine. Swali lenye kurasa kadhaa za kufungua na kufunga, anza kwa kuandika kila ukurasa una nini, neno moja moja, ndipo usome swali.

Dalili: nimesolvu maswali elfu, alama imeganda

Swali langu huwa moja: umerudia mangapi? Anayefanya maswali 40 kwa siku na kusoma maelezo ya majibu akitikisa kichwa, anakariri. Punguza hadi 15. Swali ulilokosa, liache siku tano, kisha lifanye tena bila kutazama maelezo. Ukilikosa tena, hukuwa umelielewa, ulikuwa umelizoea. Katika daftari langu la pili, theluthi moja ya makosa niliyodhani nimeyamaliza yalirudi hivyo.

Dalili: siku yenyewe ilikwenda vibaya

Ukifanyia mtihani nyumbani badala ya kituoni, umeme na intaneti ni sehemu ya mtihani. Kompyuta iwe na chaji, na pawe na njia ya pili ya intaneti iliyojaribiwa mapema. Mimi wakati wa jaribio langu la kwanza umeme ulikatika jirani, jenereta ikawashwa nje ya dirisha, na nilipoteza sehemu nzima ya lugha. Tangu hapo nawaambia watu wenye nafasi ya kwenda kituoni waende kituoni. Jina kwenye usajili lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. Na mpangilio wa sehemu unauchagua wewe: anza na ile ngumu kwako akili ikiwa mbichi, isipokuwa kama wasiwasi hukushika mwanzoni, hapo anza na unayoiamini.

Dalili ambayo si ugonjwa

Bosi wako alipata 700 mwaka 2018, wewe umepata 645, na umevunjika moyo. Vipimo ni tofauti. Toleo la zamani liliishia 800, alama zake ziliishia na 0. La sasa zinaishia na 5, na kwa ulinganisho wa watunzi wenyewe, 645 ya sasa iko sawa na 700 ya zamani. Tazama wastani wa darasa la shule unayoomba, kwa toleo la sasa, kabla ya kulipia tena. Wapo waliorisiti bila sababu, huku insha zao za maombi zikihitaji zile wiki sita.

Lini kurudia

Kanuni zinataka zipite angalau siku 16, na usizidi mara tano ndani ya miezi 12. Siku 16 zinamfaa aliyeumwa siku ya mtihani au aliyekatikiwa na umeme. Kama ugonjwa ni muda au kusoma vibaya, nahesabu wiki sita hadi nane. Kama ni mada usizozijua, miezi mitatu. Shule zitaona alama unazozituma wewe tu, na alama inadumu miaka mitano, kwa hiyo jaribio la kwanza halikufukuzi popote.

Usilipie tarehe kwa sababu umechoka kusoma. Fanya mtihani wa majaribio ambao hujawahi kuuona, asubuhi, bila kusimamisha saa. Wiki inayofuata fanya mwingine. Yote miwili ikifika alama unayoitaka, lipia siku hiyohiyo. Ukifika mmoja tu, rudi kwenye daftari uangalie wa pili uliangukia kwenye sababu ipi kati ya zile nne.